Waulize Sababu: Ushauri kwa Mtaalamu wa Teknolojia Anayeomba Kazi Ng'ambo

Barua ya kukataliwa kazi katika kampuni za teknolojia huwa fupi na yenye adabu. Inakushukuru kwa muda wako, inausifu ujuzi wako, kisha inakuarifu kuwa wameamua kuendelea na waombaji wengine. Kwa nini wengine na si wewe, haisemi. Kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Goma anayeomba kazi ya kuandika programu Marekani au Uingereza anaweza kupokea barua kumi za namna hiyo, asijue ipi ilitokana na upungufu wake, ipi na kibali cha kazi, na ipi na jina lake.

Hofu hiyo ya jina ina msingi. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika miji ya Boston na Chicago. Walijibu matangazo ya kazi kwa kutuma maombi ya kubuni yapatayo 5,000, sifa zikiwa za kulingana, majina yakitofautiana: huku Emily na Greg, kule Lakisha na Jamal. Majina ya Kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya majina yanayojulikana kuwa ya Wamarekani weusi. Miaka ya karibuni Patrick Kline, Evan Rose na Christopher Walters walifanya jaribio kubwa zaidi, maombi yapatayo 83,000 kwa kampuni 108 kubwa za Marekani. Safari hii pengo la jumla lilikuwa dogo, lakini halikusambaa sawasawa: moja ya tano ya kampuni hizo ndiyo iliyobeba karibu nusu ya ubaguzi wote. Tena kampuni ambazo ajira husimamiwa na ofisi moja kuu, kwa taratibu zinazofanana, zilibagua kidogo kuliko zile ambazo kila meneja hujiamulia.

Hizo zilikuwa kazi za kawaida, nyingi za ngazi ya chini. Upande wa teknolojia, Google ilipotangaza hesabu ya wafanyakazi wake kwa mara ya kwanza mwaka 2014, weusi walikuwa asilimia 2 tu ya waajiriwa wake wa Marekani, na asilimia 1 katika kazi za kiufundi. Kampuni hupenda kujibu kwamba waliosomea fani hii miongoni mwa weusi ni wachache. Lakini mwaka 2022 April Curley, ambaye Google ilikuwa imemwajiri kuitafutia wahitimu kutoka vyuo vya kihistoria vya watu weusi, aliishitaki kampuni hiyo akidai kuwa weusi hupangiwa vyeo vya chini na ujira mdogo. Mwaka 2025 Google ilikubali kulipa dola milioni 50 kuimaliza kesi hiyo, bila kukiri kosa. Kumbe hata aliyesoma na akapatikana bado ana safari.

Katika hayo yote kuna somo moja ambalo ushauri wote unaofuata unalitegemea. Ubaguzi katika ajira hustawi pale ambapo anayeamua haulizwi sababu. Ni vigumu kumbadilisha meneja usiyemjua aliye San Francisco. Unaloweza ni kufupisha sehemu ya safari inayopita gizani, na kila unapofika kituo chenye taa, kuuliza na kuandika.

Kwanza, jua ni ukuta gani umeugonga

Watu wengi huchanganya mambo mawili: kubaguliwa kwa rangi au asili, na kukataliwa kwa sababu ya karatasi. La pili mara nyingi si kosa kisheria. Mwajiri wa Marekani halazimiki kukudhamini viza, na akikuambia hadhamini, hajavunja sheria kwa hilo peke yake. Kwa hiyo liulize mapema, kabla hujafanya mtihani wa saa nne: "Je, kwa nafasi hii mnamdhamini mwombaji aliye nje ya nchi?" Wakijibu hapana, umeokoa muda na moyo wako, na umeondoa sababu moja kwenye orodha ya mashaka.

Jambo la pili ni kujua sheria ya nani inakulinda. Sheria kuu ya Marekani kuhusu ubaguzi kazini, ile Sura ya VII ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, humlinda mwombaji wa kazi iliyo ndani ya Marekani mwenye haki ya kufanya kazi huko, hata kama si raia, dhidi ya ubaguzi wa rangi, asili ya taifa, dini na jinsia, mradi mwajiri ana wafanyakazi 15 au zaidi. Haimlindi asiye raia ambaye kazi yake iko nje ya nchi hiyo. Ukiwa Arusha unaifanyia kazi kampuni ya Marekani kwa intaneti, usitegemee sheria hiyo. Tazama ni nani hasa anayekuajiri. Kama mkataba wako ni na kampuni iliyosajiliwa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa rangi, asili, lugha na mengineyo, na inamhesabu mwombaji kazi kuwa mfanyakazi kwa jambo hilo. Tanzania nayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inafanya vivyo hivyo, na katika orodha yake imo rangi, utaifa, kabila na mahali mtu alipotoka. Lakini ukisainishwa mkataba wa "mtoa huduma wa kujitegemea", ulinzi mwingi wa mwajiriwa unakuponyoka. Usiusaini kwa furaha ya dola kabla hujasoma kipengele kinachotaja sheria ya nchi gani itatumika.

Kuna kundi moja la wasomaji ambalo lina haki kubwa kuliko linavyodhani: wakimbizi. Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili wamehamishiwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu na Kakuma, na watoto wao sasa wanahitimu vyuo vya kompyuta. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi wanne au zaidi kumkataa mkimbizi au aliyepewa hifadhi ya kisiasa kwa sababu tu si raia, ukiacha kazi chache ambazo sheria yenyewe inataka raia. Wala mwajiri hana ruhusa ya kukuchagulia karatasi za kuthibitisha haki yako ya kufanya kazi. Kama una leseni ya udereva na kadi ya Hifadhi ya Jamii isiyo na masharti, hizo zinatosha. Akisisitiza lazima aone kadi ya kijani, amekosea. Malalamiko ya namna hii hupelekwa Wizara ya Sheria ya Marekani, katika kitengo kinachoshughulikia haki za wahamiaji na wafanyakazi, ndani ya siku 180.

Jina lako na karatasi yako

Swali ambalo vijana huulizana pembeni ni hili: nibadilishe jina kwenye wasifu? Mwajuma awe Jumy, Baraka Mwakyusa awe B. Morris? Tulitazame kwa macho makavu. Utafiti wa Sonia Kang na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuata waombaji weusi na wenye asili ya Asia ambao "huupausha" wasifu wao, yaani hufuta dalili za asili yao katika jina na katika vyama walivyoshiriki. Wasifu wa mweusi uliopaushwa uliitwa kwa asilimia 25. Ule ulioachwa ulivyo, asilimia 10. Na la kushangaza zaidi, waajiri waliotangaza kuwa wanakaribisha watu wa asili zote hawakubagua kidogo kuliko wengine. Waombaji wenyewe, walipoliona tangazo la namna hiyo, ndio waliopunguza kujificha.

Ushauri wangu una sehemu mbili. Ukiwa na jina la pili lililo lako kweli, la ubatizo au la nyumbani, kulitanguliza si udanganyifu. Mkataba na ukaguzi wa vyeti vitatumia jina lako la pasipoti, na hakuna atakayekuuliza. Lakini usibuni jina, na usifute kazi uliyoifanya. Ukifuta kwamba uliongoza mradi wa kukusanya sauti za Kiswahili kwa ajili ya Common Voice ya Mozilla kwa sababu una wasiwasi kuwa "unaonyesha Uafrika", umefuta ushahidi kwamba unaweza kusimamia data, watu na muda. Badala ya kuuficha, uandike kwa lugha ya kazi: saa ngapi za sauti, wachangiaji wangapi, kosa gani ulilirekebisha. Takwimu humlazimisha msomaji akuulize juu ya kazi, na hapo ndipo unapotaka akuulize.

Tahadhari hiyo ya matangazo ichukue pia. Sentensi ya "sisi ni mwajiri wa usawa" haina uzito. Chenye uzito ni ukurasa unaoeleza hatua za usaili, nani atakuuliza nini, na kima cha mshahara. California, tangu Januari 2023, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi aweke kima cha mshahara kwenye tangazo la kazi, na kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kumkataza kuuliza ulikuwa unalipwa kiasi gani. Ukiomba kazi ya California, usitaje mshahara wako wa Nairobi. Pengo la mishahara ni la nchi na nchi, na ukiutaja wako, ndio utakaotumika kukupangia.

Mashine iliyoko mlangoni

Kampuni kubwa hazisomi maombi yote kwa macho. Programu huyachuja kwanza, na programu hujifunza kutokana na yaliyopita. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon ilikuwa imeachana na chombo chake cha kuchuja wasifu kwa sababu kilijifundisha kuwashusha wanawake. Kililishwa maombi ya miaka kumi, na mengi yalikuwa ya wanaume. Pale ambapo historia ya ajira ni ya rangi moja, kosa hilo hilo linaweza kutokea kwa rangi bila mtu yeyote kuandika neno "mweusi".

Derek Mobley, Mmarekani mweusi, aliishitaki mwaka 2023 kampuni ya Workday, inayouza mfumo wa kuchuja maombi. Alieleza kuwa ameomba kazi zaidi ya 100 kupitia mfumo wake na kukataliwa zote. Ombi moja alilituma usiku wa manane, jibu la kukataliwa likaja kabla ya saa kuisha. Julai 2024 jaji Rita Lin wa mahakama ya shirikisho California alikubali kwamba kampuni inayouza mfumo wa kuchuja inaweza kushitakiwa kama wakala wa waajiri. Mei 2025 aliliruhusu dai la ubaguzi wa umri kuendelea kwa niaba ya waombaji wengi. Maana yake kwako ni kwamba saa ya kutuma na saa ya kukataliwa ni ushahidi. Ziandike.

Lakini kabla ya mahakama, tafuta njia ya kuipita mashine. Mwombaji aliyependekezwa na mtu wa ndani mara nyingi husomwa na binadamu. Njia hii yenyewe ni chanzo cha ubaguzi, maana watu hupendekeza wanaofanana nao. Ndiyo sababu inabidi uwatafute wanaofanana nawe. Katika akili mnemba kuna Black in AI, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, pamoja na Rediet Abebe wa Ethiopia. Mwaka huo huo ulianza mkutano wa Deep Learning Indaba kwa ajili ya Waafrika waliomo barani. Kwa wahandisi wa programu walioko Marekani kuna /dev/color, iliyoanzishwa na Makinde Adeagbo mwaka 2015, na chama kikongwe cha wahandisi weusi cha NSBE, kilichozaliwa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1975. Usiingie humo ukiomba kazi siku ya kwanza. Ingia ukiuliza maswali ya kazi, ukisahihisha makosa ya wenzako, ukionyesha ulichotengeneza. Mchango wako katika programu huria unaoonekana hadharani una faida moja ambayo wasifu hauna: mtu anaweza kuupima bila kukuona sura.

Ndani ya usaili

Usaili wa teknolojia huwa na sehemu mbili. Moja hupima ujuzi: unaandika msimbo, unachora muundo wa mfumo. Nyingine hupima kitu kinachoitwa kuendana na utamaduni wa kampuni. Hii ya pili ndiyo yenye giza. Julai 2020 Oscar Veneszee Jr., aliyekuwa akifanya kazi Facebook, pamoja na waombaji waliokataliwa, waliilalamikia kampuni hiyo mbele ya tume ya usawa wa ajira ya Marekani, EEOC. Waligusia hasa kigezo hicho cha utamaduni, ambacho humruhusu msaili kumkataa mtu kwa kutomzoea tu.

Jilinde kwa kuandaa hadithi za kazi, si za tabia. Ukiulizwa "unapenda kufanya nini wikendi", jibu kwa ufupi na kwa uchangamfu, kisha rejea kazini: "Jumamosi nilikuwa natazama mpira, Jumatatu nikakuta mfumo wetu wa malipo umekwama, na hivi ndivyo nilivyoukwamua." Andaa hadithi nne au tano za namna hiyo: mzozo na mwenzako, mradi ulioanguka, uamuzi uliopingwa ukawa sahihi. Halafu mwishoni waulize wao: "Mnawauliza waombaji wote maswali haya haya? Mnapima majibu kwa vigezo gani?" Ni maswali ya kawaida ya mtu anayejua kazi yake, wala hayana uchokozi. Utafiti wa miaka mingi wa saikolojia ya kazi unaonyesha kuwa usaili wenye maswali yaliyopangwa na vigezo vilivyoandikwa hubashiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo ya kufurahishana. Kampuni makini inajua hilo na itakujibu mara moja.

Lafudhi ni jambo la kuelewa vizuri. Msimamo wa EEOC ni kwamba mwajiri anaweza kukukataa kwa lafudhi pale tu inapozuia kazi yenyewe kufanyika. Kiingereza chenye mwangwi wa Mombasa au Kigoma si kosa. Sema taratibu, na unapoeleza jambo zito andika huku unasema. Wakikwambia hawakuelewi, rudia mara moja kwa maneno mengine, kisha uliza: "Ni sehemu gani haikueleweka?" Jibu litaonyesha kama shida ni sauti au ni hoja.

Mitihani inayosimamiwa kwa kamera ina shida yake. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kutambua jinsia kwa kutazama uso zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na asilimia 0.8 kwa wanaume weupe. Kampuni ya HireVue ilitangaza mwaka 2021 kuwa imeacha kuchambua sura za waombaji katika usaili wa video, lakini vyombo vya kusimamia mitihani bado hutaka kuuona uso wako. Kaa mbele ya dirisha au weka taa mbele yako, si nyuma. Ikikwambia haikuoni, piga picha ya skrini kabla ya kufanya lolote, na tuma barua pepe papo hapo: saa fulani mfumo haukunitambua, nimepoteza dakika kadhaa, naomba niongezewe. Ukilalamika siku hiyo, ni hitilafu ya mfumo inayorekebishika. Ukilalamika baada ya matokeo, itaonekana ni kisingizio.

Daftari na kalenda

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni hivyo hivyo. Fungua jedwali moja la kompyuta. Kwa kila ombi andika tarehe na saa uliyotuma, nakala ya tangazo kama lilivyokuwa siku hiyo, majina na vyeo vya waliokusaili, maswali waliyouliza kwa maneno yao, na saa ya jibu. Tangazo huondolewa mtandaoni na kauli ya mtu hubadilika. Nakala yako itabaki. Andika usiku ule ule, kabla kumbukumbu haijaanza kupambwa.

Ukikataliwa, usiandike barua ya hasira. Andika hivi: "Nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Ili nijirekebishe, naomba mnieleze ni vigezo gani sikuvifikia na nilipata alama gani katika kila sehemu." Wengi hawatajibu, lakini sheria za data zimekupa fimbo. Uingereza na Umoja wa Ulaya, mwombaji ana haki ya kuomba taarifa zake binafsi zilizoko kwa mwajiri, yakiwamo maandishi ya wasaili yanayomhusu, na kwa kawaida hujibiwa ndani ya mwezi mmoja. California iliwapa waombaji kazi haki kama hiyo kwa kampuni kubwa tangu Januari 2023, na kawaida yake ni siku 45. Kenya nayo, kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inakupa haki ya kupata taarifa zako na haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Jiji la New York, tangu Julai 2023, linamtaka mwajiri anayetumia chombo cha kompyuta kuchuja waombaji akifanyie ukaguzi wa upendeleo na amjulishe mwombaji mkazi wa jiji hilo siku 10 za kazi kabla ya kukitumia.

Sasa kalenda. Malalamiko kwa EEOC yana muda wa siku 180, au 300 mahali ambapo jimbo au mji una chombo chake cha kushughulikia ubaguzi. California chombo cha jimbo kinakubali hadi miaka mitatu. Sheria nyingine ya zamani ya mwaka 1866, inayojulikana kama kifungu cha 1981, hushughulikia ubaguzi wa rangi katika mikataba, ajira ikiwamo; haijali mwajiri ana watu wangapi, na muda wake kwa aliyenyimwa kazi hutegemea jimbo. Lakini mwajiri wa Marekani analazimika kutunza kumbukumbu za maombi kwa mwaka mmoja tu kwa sheria ya shirikisho, kwa hiyo kusubiri ni kumwachia ushahidi wako autupe. Tanzania, mgogoro wa kazi usiohusu kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Nchi yoyote uliyopo, ukihisi kuna jambo, mwone wakili mapema. Marekani wapo mawakili wa kazi wanaosikiliza mara ya kwanza bila malipo, na kulalamika EEOC kwenyewe hakutozwi ada.

Unapompelekea wakili, usimpelekee uchungu peke yake. Mpelekee ulinganisho. Dai la ubaguzi husimama pale unapoonyesha kwamba ulikuwa na sifa zilizotakiwa, ukakataliwa, na nafasi ikapewa mtu wa asili nyingine mwenye sifa kama zako au pungufu, au ikaachwa wazi wakiendelea kutafuta. Hapo ndipo mwajiri anapotakiwa kutoa sababu. Akitoa moja kwenye barua na nyingine mbele ya tume, tofauti hiyo ndiyo kesi yako.

Upepo wa sasa

Tangu Januari 2025 serikali ya Marekani imefuta programu zake za usawa na ujumuishi, na baadhi ya kampuni zimefuata. Meta, inayomiliki Facebook, ilizimaliza za kwake mwezi huo huo, na Februari Google ikaacha malengo yake ya kuajiri watu wa makundi yaliyo nyuma. Aprili, amri ya rais iliziagiza taasisi za serikali zipunguze kufuatilia ubaguzi unaotokana na matokeo ya taratibu hata pasipo nia, ule ambao Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliutambua mwaka 1971 katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power.

Usisome hayo ukadhani ubaguzi umehalalishwa. Sheria ya 1964 haijafutwa, na mtu binafsi bado anaweza kwenda mahakamani. Kilichopungua ni wanaofuatilia kwa niaba yako. Programu hizo zilipokuwapo, palikuwa na ofisi iliyokuwa ikihesabu nani ameitwa na nani ameachwa. Sasa mzigo wa kuhesabu umehamia kwako, na jedwali lako limepanda thamani.

Kwa walio upande wa pili wa meza

Baadhi ya wasomaji wa makala hii ndio wanaoajiri. Ukiwa kwenye jopo, una uwezo kuliko waombaji mia. Dai maswali yawe yale yale kwa wote. Kila msaili aandike alama na sababu zake kabla ya kuwasikia wenzake, maana anayesema kwanza huwavuta wengine. Mtu akisema "simwoni akiendana nasi", muulize kwa upole: "Katika kigezo kipi?" Asipokuwa nacho, hoja yake isihesabiwe. Majina ya vyuo na picha yafichwe katika mchujo wa kwanza. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua jedwali.

Tusijisahau nyumbani. Nairobi na Dar es Salaam, malalamiko ya kwamba mgeni mweupe hupewa cheo na posho ambazo mwenyeji mwenye ujuzi ule ule hazioni yamedumu. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi zenye thamani sawa; mwenye kampuni aliyepewa mtaji kutoka nje hana msamaha. Na wale wanaoijaza timu kwa watu wa kijiji kimoja au chuo kimoja kwa sababu "tunaelewana", wanatumia kigezo kile kile cha utamaduni kinachowafungia wenzao milango huko ng'ambo.

Kwa mwombaji, linabaki swali linalochosha kuliko yote: je, hii barua niliyoipata leo ni ubaguzi au sikutosha? Mara nyingi hutajua, na huhitaji kujua ili uendelee. Barua ile ile ya kuomba vigezo na alama inafaa kwa hali zote mbili. Kama ulipungukiwa, utajua cha kusoma kabla ya ombi linalofuata. Kama ulionewa, umemfanya mwajiri aandike sababu yake kwa mkono wake, na tarehe ipo. Itume leo, kisha fungua tangazo jingine.